Kishikwambi Kwenye Ungo

Bi Adija hakuwa mtu wa kuchaguliwa. Nguo alichagua mwenyewe, mume alichagua mwenyewe, na mume alipofariki, yeye ndiye aliyeonyesha mahali pa kuchimba kaburi, wazee wa msikiti wakanyamaza. Sasa asubuhi ile aliingia dukani kwa Kondo, hapa Kilwa Kivinje, akamkabidhi kishikwambi chake amjazie vitu vya safari. Hata hajakaa vizuri, akaona Kondo ameshaanza kuweka vitu bila kumuuliza.

"Shikamoo, bibi," Kondo alisema huku macho yakiwa kwenye kompyuta. "Nakuwekea mawaidha ya mashehe watatu. Yatakutosha mpaka Dodoma."

"Marahaba. Nani kakwambia nataka mashehe watatu?"

"Watu wa umri wako ndiyo wanayoyapenda, bibi."

"Mashehe ninao mtaani, nawasikia kila siku bila kuchaji. Yatoe."

Duka la Kondo lilikuwa la kutoa fotokopi na kupiga picha za vitambulisho, lakini riziki yake hasa ilikuwa kuwajazia watu filamu, nyimbo na vitabu. Unaleta simu yako au flashi yako, anaichomeka kwenye kompyuta, unachagua, anakujazia, unakwenda zako. Kishikwambi cha Bi Adija alikinunua bintiye Umi, mwaka jana, kwa sababu ya macho. Bi Adija alikuwa mpenzi wa kusoma tangu shule ya msingi, na uzeeni herufi zilianza kumkimbia kama sisimizi. Kwenye kishikwambi alizikuza mpaka zikawa kubwa kama korosho. Alikishonea mfuko wa kitenge na kukiita kitabu. "Nileteeni kitabu changu," ndivyo alivyosema, na wote nyumbani walijua anataka nini.

Umi alikuwa amejifungua, na keshokutwa alfajiri Bi Adija alikuwa apande basi akamlee mzazi siku arobaini. Alitoa masharti yake. "Filamu za safari ziwe fupi, maana basi linasimama kila mara, unakatwa katikati ya utamu. Za nyumbani ziwe ndefu, kule nitashinda ndani na mtoto. Na vitabu, viwe vya hadithi, si vya kunifundisha kupika, kupika najua. Halafu zile filamu za mtu kuropoka juu ya sauti za wenyewe, sitaki. Nataka kumsikia mwenye maneno yake."

Kondo alianza kumsomea orodha. Tamthilia za Kituruki. Vichekesho. Vitabu vya hadithi. Taarabu za zamani. Mambo ya wanawake.

"Hayo ya mwisho ni yapi?"

"Aa, hayo si ya kwako, bibi."

Hapo ndipo alipomkosea. "Mimi si mwanamke? Fungua."

Kondo alicheka, akafungua, akaruka mbele kidogo kama ilivyo desturi yake ya kuonjesha wateja. Kioo kilikuwa cheusi tupu. Kisha ngoma ndogo ikalia, na juu ya ngoma ikapanda sauti ya mwanamke mtu mzima, imekwaruza kidogo, inaimba.

Bi Adija aliijua ile sauti kwa sababu ilikuwa yake.

Naye ndiye kungwi. Kwa miaka ishirini na saba, kila bi harusi wa mji huu, Mwislamu kwa Mkristo, alifundwa na Bi Adija siku saba ndani, mlango umefungwa, na wimbo ule ulikuwa wa siku mbili za mwisho. Hakuna mwanamume aliyewahi kuusikia. Mumewe alikaa naye miaka thelathini, akafa hajausikia. Na sasa ulikuwa unaimbwa kwenye spika ya duka, na Mzee Erasmo fundi cherehani, aliyekuwa akisubiri fotokopi, ameinamisha macho anatazama ndala zake.

"Hii inaitwa Siri za Kungwi," Kondo alisema. "Inatoka sana. Hata kutoka Kilwa Masoko wananifuata." Kisha alimtazama Bi Adija usoni, akaelewa, na mkono wake ukaizima.

"Nani kakuletea?"

"Bibi, mimi sikumbuki. Watu wanaleta vitu vyao, na mimi nachukua."

Bi Adija alichukua kishikwambi chake bila kujaziwa kitu, akatoka. Alitembea njia nzima hamwamkii mtu, na watu waliomwamkia walidhani amefiwa. Ilikuwa hasira. Siri ile hakuibuni yeye. Alipewa na bibi yake, naye alipewa na bibi yake, wanawake ambao hawakuwa na shamba wala nyumba ya kuandikiwa majina yao. Walichokuwa nacho ni hicho. Na sasa mtu amekitoa nje, kinauzwa pamoja na vichekesho.

Kufika nyumbani alikuwa ameshamjua mwizi.

Desturi ya siku hizi ilikuwa hivi: kabla ya kuingia kwenye kufunda, kila mwanamke anaweka simu yake kwenye ungo mlangoni, na ungo unafunikwa kanga mpaka ngoma iishe. Bi Adija mwenyewe ndiye aliyeianzisha. Ngoma ya mwisho ilikuwa ya kumfunda Naima, miezi miwili nyuma, na wote waliweka isipokuwa mmoja. Jenipher, mwenye saluni, ndiye anayempigia kungwi ngoma ndogo. Siku ile alichelewa, akaingia mbio, akasema simu ameiacha saluni. Hakuna aliyempekua. Kwa Bi Adija hapakuwa na haja ya shahidi mwingine.

Alasiri ya siku hiyohiyo wanawake kumi na wawili waliitwa ukumbini kwake. Walikaa kwenye mikeka. Jenipher alipotaka kukaa, Bi Adija alimwondolea mkeka, akauvuta pembeni.

"Wewe kaa chini. Geukia ukuta, mgongo uwe mlangoni."

Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Ndivyo anavyokalishwa mwanamke aliyetoa maneno ya ndani. Akikalishwa hivyo, hawekwi tena kwenye ngoma, na nyumba yao haipewi kungwi. Na nyumba ya akina Jenipher ilikuwa na harusi. Mdogo wake Marietha alikuwa aolewe mwezi ujao, na upande wa bwana harusi walikuwa watu wa kuuliza. Bi harusi asiyefundwa, hapa kwetu, anaulizwa mpaka na wajukuu zake.

"Bibi, mimi sikuwa na simu," Jenipher alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, lakini kwenye sakafu ile alionekana mdogo.

"Nilikulea kwenye ngoma hii. Nimekushika mkono nikakufundisha kugonga. Hukupata kingine cha kuuza?"

"Sikuuza kitu."

"Umetuvua nguo mbele ya wanaume, unanijibu?"

Mama yake Jenipher, Stefania, mkulima aliyeshuka kutoka vilimani miaka mingi iliyopita na bado Kiswahili chake kilikuwa na Kimatumbi ndani yake, aliinuka kwenye mkeka wake. Akaukunja.

"Bi Adija, hicho kitu umekisikiliza chote?"

"Nimesikia kinachotosha."

"Mimi shambani nikikuta mhogo umeng'olewa, naangalia kwanza nyayo," Stefania alisema. Akamwinua mwanawe, wakaondoka, na hakuna aliyewafuata. Bi Adija aliwaambia waliobaki kwamba uchungu wa mwana haumfanyi mwana kuwa msafi, nao wakaitikia, ingawa si kwa sauti kubwa.

Lakini neno la Stefania lilimkera kama mwiba wa samaki kooni. Kesho yake asubuhi alirudi kwa Kondo. Alikwenda kwa mambo mawili: kile kitu kifutwe mbele ya macho yake, na kabla ya kufutwa akisikilize chote, apate kikohozi cha Jenipher au sauti yake ikinong'ona, ampelekee Stefania hizo nyayo anazozitaka.

"Kondo, leo ama ukifute ama nikuitie mwenyekiti wa mtaa na akina mama wote wa Kivinje wakae hapa mlangoni kwako mpaka Ijumaa."

"Nafuta, bibi. Sina ugomvi."

"Kwanza kianzishe mwanzo kabisa. Jana uliruka."

"Mwanzo una kelele tu."

"Weka hizo kelele. Na punguza sauti."

Bi Adija aliinama karibu na spika. Zilisikika kelele kweli, za kitambaa kinachosuguliwa. Kisha mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, imekwaruza kidogo, ikasema karibu kabisa: "Bismillahi. Hiki kinarekodi au hakirekodi? Haya. Jana ubeti wa tatu umenipotea mbele za watu. Leo nakushika." Kilichofuata kilikuwa zipu ya mfuko, na kioo kikawa cheusi.

Mfuko wa kitenge. Ulikuwa ubavuni kwake siku ya saba ya Naima, juu ya mkeka, kama unavyokuwa siku zote.

Alikumbuka vyote kwa mara moja. Siku ya sita ubeti wa tatu ulimpotea, akasimama katikati ya wimbo mdomo wazi, akajifanya amekabwa na mate. Usingizi ulimkataa kwa hofu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua wimbo ule wote. Siku ya saba ubeti ukamrudia, akaamua aurekodi kabla haujapotea tena, autie kichwani upya nyumbani. Akaziweka simu za watu wote kwenye ungo, na ya kwake, na kuufunika kwa mkono wake. Kishikwambi hakukiweka. Hata wazo halikumjia, maana simu ni simu, na kile kilikuwa kitabu. Siku tatu baadaye akamletea Kondo akijaze hadithi, akakiacha dukani mpaka adhuhuri. Kuhusu kile alichorekodi, alikwishasahau. Hicho nacho kilikuwa kimempotea.

Kondo alikuwa anatazama pembeni.

"Ulichukua kwangu," Bi Adija alisema.

"Bibi, kila chombo kinachoingia hapa nanakili vilivyomo. Ndivyo duka linavyopata vitu. Maduka yote yanafanya hivyo. Wewe mwenyewe ulinipa."

"Nilikupa uweke. Sikukupa uchukue."

"Sikujua kama ni—"

"Ulijua. Jana uliniambia si ya kwangu. Kitu changu, kwa sauti yangu, ukaniambia mimi ndiye nisiyetakiwa kukisikia." Hakupaza sauti, na Kondo angependelea apaze. "Mtu akikuachia mlango ufunge, hukagui vyungu vyake. Futa. Halafu fungua na yale mengine ya wanawake wengine, uyafute moja moja, mimi nimekaa hapa."

Alikaa mpaka la mwisho likafutwa. Na kile cha kwenye kishikwambi alikifuta mwenyewe, kwa kidole chake, hapohapo.

Hasira juu ya Kondo ilikuwa ya haki, na angeweza kukaa nayo vizuri mpaka Dodoma. Tiketi ilikuwa mkobani. Hakuna aliyejua habari ya zipu isipokuwa yeye na Kondo, na Kondo asingethubutu kufungua mdomo. Alilifikiria hilo kuanzia dukani mpaka kona ya soko. Pale kwenye kona alijionea aibu kuliko alivyopata kuona tangu azaliwe, akakata njia kwenda kwa Stefania.

Alasiri wanawake walewale walikaa kwenye mikeka ileile, Stefania na Jenipher wakiwemo. Ungo ulikuwa mlangoni. Bi Adija alitoa kishikwambi kwenye mfuko wa kitenge, akakiweka ndani ya ungo juu ya simu za wenzake. Akavuta mkeka wake pembeni. Akakaa kwenye sakafu, uso ukutani, mgongo mlangoni.

Wengine walidhani anaonyesha mfano. Ilibidi aseme, na alisema yote akiutazama ukuta: ubeti uliopotea, mfuko, duka. "Jenipher nilimkalisha hapa kwa kosa langu. Nimemwomba radhi nyumbani kwao, na sasa namwomba mbele yenu. Sheria mnaijua. Aliyetoa maneno ya ndani hawi kungwi tena."

Hakuna aliyemwambia ainuke. Hilo pia alilitarajia, na bado liliuma.

"Na Marietha je?" Stefania aliuliza. "Nani atamfunda mwanangu?"

Kila mwanamke alijua kipande cha wimbo, na hakuna aliyeujua wote. Mmoja akasema kwamba Bi Adija aimbe mara ya mwisho, wote wasikie, washike wanachoweza. Mlango ukafungwa. Bi Adija akaimba, hajageuka. Ubeti wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Akavuta pumzi kwa ajili ya wa tatu, na hapakuwa na kitu. Ukuta ulikuwa mweupe na kichwa chake vilevile, na rekodi alikuwa ameifuta kwa kidole chake mwenyewe asubuhi ile.

Nyuma yake ngoma ndogo ikagongwa, taratibu, kwa mkono aliouzoea kwa kuwa aliufundisha yeye. Kisha Jenipher akauimba ubeti wa tatu, wote, bila kukwama, na wa nne, na wa tano mpaka mwisho. Aliushika kwa kukaa na kusikiliza, ngoma baada ya ngoma, mikono yake miwili ikiwa kazini.

Ubeti wenyewe siuandiki hapa. Anayeutaka akafundwe, na simu yake aiache kwenye ungo. Bi Adija aliusikiliza mpaka mwisho akiwa palepale kwenye saruji, na alipokwisha kulia aliuliza, bado akiutazama ukuta, kama Jenipher angekubali kuuimba tena.