Cherehani ya Orpah

Sauti ya mashine ndiyo iliyomtia Barnabas hofu, si mashine yenyewe. Joyline, daktari wa kliniki ndogo mjini Rongo, alimpaka jeli baridi, akakiweka kichwa cha chombo juu ya ngozi, na mapigo yakaanza: tak-tak-tak, mepesi, ya haraka, yasiyouma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia cherehani ya Orpah, marehemu mkewe, kila alasiri nyumbani kwao Kosele.

"Nimekuumiza, mzee?"

"Hapana, daktari. Endelea."

Alikuwa ameoa tena. Edith, mwanamke wa Uriri, alihamia kwake mvua za masika zilipoanza, na tangu hapo kitanda chao kilikuwa mahali pa kuombana radhi. Edith hakumlaumu. Alisema tu, kwa upole uliomchoma kuliko lawama, kwamba atangoja mahindi yavunwe, kisha arudi kwa kaka zake. Alitaka mtoto, na umri ulikuwa ukimpita. Sasa mahindi yalikuwa yamevunwa na kuanikwa.

Ndiyo sababu Barnabas alikuja kutafuta tiba ya mawimbi ya mshtuko. Siku ya kwanza Joyline alikuwa amemweleza bila kupamba maneno: huenda mapigo hayo yakaamsha mishipa midogo ya damu iliyodhoofika, wataalamu bado wanabishana, wako wanaopata nafuu na wako wasiopata. Kisha akamuuliza, "Na usingizini je? Ukiamka alfajiri, mwili huwa umesimama?"

"Hapana," Barnabas alijibu.

Alikuwa amedanganya. Usingizini mwili wake ulikuwa mzima kama wa kijana, kwa kuwa usingizini Orpah alikuja. Alikuja na utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamkumbatia. Na kila mara, kabla jambo halijatimia, Barnabas alijiamsha kwa nguvu, jasho likimtiririka. Angemweleza nani? Yeye ni mzee wa kanisa la Wasabato. Ni yeye aliyesimama kaburini mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba wafu wamelala na hawajui lolote, pale shangazi yake, Waya Priscilla, alipomkumbusha kwamba, kwa mila yao, mume aliyefiwa haoi kabla marehemu hajamjia ndotoni wakalala kama mume na mke kwa mara ya mwisho.

"Hiyo ndiyo ruhusa yake, mwana wa kaka yangu," bibi huyo alisema. Barnabas alioa bila kungoja ruhusa.

Joyline aliinua mkono, mapigo yakakatika. "Mzee, tumerudia tiba hii mara kadhaa na hatuoni nafuu. Hebu nikuulize tena, na usinione kama mchungaji wako. Usingizini?"

Barnabas alitazama dari. "Unasimama. Nikimwota mke wangu."

"Ai, si ni vizuri basi! Mwambie mama akuwahi mapema."

"Yule aliyekufa, daktari."

Joyline hakucheka tena. Alizima mashine, akampa karatasi ya kujifutia. "Kwa kadiri ninavyoona, mishipa yako haina kosa. Nimekuwa nikitibu kiungo kizima. Kuna mshauri nitakayekutuma kwake. Lakini kwanza zungumza na mkeo. Aliye hai."

Mashine ilikuwa imezimwa, lakini Barnabas alipokuwa akifunga mkanda aliisikia bado: tak-tak-tak.

Nyumbani, Edith alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Barnabas aliketi kando yake, akamweleza yote.

"Kumbe humu tuko watatu," Edith alisema. "Na mimi nikidhani nanuka."

"Edith."

"Ngoja. Kwenye hiyo ndoto, mnamaliza?"

"Najiamsha."

"Kwa nini?"

"Naona aibu."

"Aibu ya nani? Si wewe ulisema hawajui lolote?"

Likamtoka jibu jingine, la kweli zaidi, ambalo hata yeye hakuwa amewahi kulisikia: "Tukimaliza, hatarudi tena."

Edith aliliacha gunzi mapajani. Kisha akasema, bila kumtazama, "Ingia ukalale."

"Saa hizi? Jua bado liko juu."

"Lala, mzee. Akija, usiamke. Mimi niko hapa nje. Ukitoka umejiamsha tena nitakuona usoni, na kesho utanisindikiza Uriri."

Chumbani, cherehani ilisimama dirishani chini ya kifuniko ambacho Orpah mwenyewe alikishona. Barnabas alijinyoosha. Nje, punje zilianguka ndani ya beseni, moja moja, kisha kwa haraka, mpaka hakuweza tena kujua kama sauti ile ilitoka nje au pale dirishani. Godoro lilibonyea ukingoni. Harufu ya kitambaa kipya ilimjaa puani. Alitaka kumwita Edith, hakumwita. Aliushika mkono uliomjia, akalia usingizini bila kupigania kuamka, maana alijua anaushika ili auachie.