Picha Iliyopigwa Wiyoni

Cherono alipoingia jimu ya wanawake mtaani Wiyoni, kisiwani Lamu, siku hiyo ya Jumatano, hakuna aliyeitikia salamu yake. Wanawake tisa walikuwa wamekaa kwenye mikeka, mabuibui bado mwilini, vyuma havijaguswa. Ummu, ambaye kila siku alimfundisha neno moja la Kiamu, Kiswahili cha huko, wakipumzika, alikuwa ameelekea ukutani akilia.

"Kuna nini?" Cherono aliuliza.

Afra, mshonaji wa mtaa huohuo, alimsukumia simu. "Tuambie wewe."

Kwenye simu palikuwa na picha ya chumba hichohicho. Ummu alikuwa katikati, kichwa wazi, nywele zimelowa jasho, amechuchumaa na chuma mabegani. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: *Hapa ndipo wake zenu wanapojifunza kuwapiga.* Picha ilikuwa imezunguka katika makundi ya WhatsApp tangu asubuhi.

"Miaka mitatu tuko hapa, hatujapigwa picha," Afra alisema. "Mgeni ni mmoja tu."

Damu ilimpanda Cherono kichwani. Alikuwa ametoka Bomet miezi minane iliyopita kufanya kazi katika kampuni moja ya kupima mashamba, na kila asubuhi alivuka kwa boti kwenda Kililana, ng'ambo ya maji. Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyemwita kwa jina. Wengine walidhani ni askari aliyevaa kiraia. Ni humu ndani tu, kati ya alasiri na magharibi, alipocheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe kicheko chote kile kilikuwa cha mkopo.

"Mimi?" sauti ilimtoka kwa kishindo. "Nimekula kwako, Afra! Nimemshika mwanao alipokuwa na homa! Leo mimi ndiye msaliti wenu?"

Akanyakua mkoba wake aondoke.

"Ngoja," alisema Bi Rawiya. Jimu ilikuwa yake. Alikuwa mjane aliyeanza kunyanyua vyuma siku daktari alipomwambia ana sukari, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliichukua simu, akaivuta karibu na uso. "Huyu nyuma ya Ummu, mwenye fulana ya manjano na chuma mikononi, mgongo wa nani?"

Wote wakamgeukia Cherono. Mkoba wa Cherono ulikuwa wazi, na fulana ya manjano ilionekana.

"Ana mikono mingapi, anyanyue vyuma na apige picha? Tena imepigwa kutoka juu. Tumieni mato, wanawake!"

Wote wakainua macho juu. Karibu na dari palikuwa na kidirisha cha kupitisha hewa, na ng'ambo yake roshani ya nyumba ya kupangisha ya jirani, Bwana Famau. Cherono alimjua mpangaji wa ghorofa ile. Walifanya kazi kampuni moja, wakipanda boti moja kila asubuhi.

"Mugambi," alisema.

Afra akasimama. "Cherono, wallahi, nisamehe..."

"Si sasa. Wewe bado nina hasira nawe. Twendeni kwanza."

Walipita vichochoroni wote kumi, Ummu akiwa katikati yao, mpaka ofisi ya kampuni. Mugambi alitoka akitabasamu. Alipowaona walivyo wengi, tabasamu likamfia mdomoni. Akamvuta Cherono kando.

"Ulikuwa utani tu," alinong'ona. "Wewe nawe unatembea na hawa kunishtaki? Sisi wa bara tushikane. Leo uko nao, kesho watakukumbusha kwamba wewe ni mgeni."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa saa moja iliyopita alikuwa ameshakumbushwa.

"Huenda," alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini aliyenipiga picha kwa kujificha ni wewe. Mgongo huu wa manjano ni wangu."

"Sikujua ni wewe, haki ya Mungu."

"Kwa hivyo ungejua, ungengoja siku ambayo sipo?"

Meneja, Bwana Patroba, alikuwa ametoka kusikia kelele. Bi Rawiya akamgeukia. "Bwana meneja, tumekuya na hasira tu. Fimbo tumeziwacha nyumbani."

Patroba aliiangalia picha mara moja tu, akasononeka. Alimlazimisha Mugambi aandike palepale, kwa jina lake, katika kila kundi alilotuma, kwamba aliyepiga picha ni yeye na maneno aliyoandika ni uongo. Baadaye alimsimamisha kazi. Jioni hiyo Bwana Famau naye alimpa siku mbili za kuhama.

Lakini picha haikurudi ilikotoka. Badawi, mume wa Ummu, alimkataza mkewe kukanyaga jimu tena. Alisema hana ugomvi na mazoezi. Shida yake ni maneno ya watu. Cherono aliposikia hivyo alipiga ngumi mkeka. Mkosaji alikuwa amepanda ndege kwenda kwao, na aliyefungiwa ndani alikuwa Ummu.

"Amekatazwa kuya hapa," Bi Rawiya alisema. "Sisi hatukukatazwa kwenda kwake."

Jumamosi asubuhi walibisha hodi kwa Ummu, wakiwa na mikeka na madumu yaliyojazwa mchanga. Walitandaza uani. Afra alilichukua dumu zito zaidi, akaliweka mbele ya Cherono, kisha akabaki amesimama.

"Nilikukosea," alisema. "Niliogopa, nikatafuta wa kumtupia lawama."

"Ulikosea sana."

"Sana."

Cherono hakumwambia yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Alisogea tu, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

Badawi alirudi kutoka sokoni na samaki wake, akasikia wanawake kumi wakihesabu kwa pamoja nyuma ya mlango. Akabisha.

"Subiri hapo barazani, mume wangu," Ummu alipaza sauti, akihema. "Tumehesabu thelathini. Tunakwenda mpaka hamsini."