Makala ya Léocadie

Haya, wewe unayenisikiliza, tegua hiki: nina mgeni, namfagilia njia, namzibia mashimo, namlisha moto, akishiba anabeba vya wengine, changu anakiacha mlangoni. Ni nani?

Umeshindwa? Basi nipe Kasongo nzima na soko lake, nikwambie. Ni kamio, lori la pamba, ile iliyokuwa ikipita kijijini Wamaza wakati wa vita ya Wazungu. Esanse, yaani petroli, ilikosekana, wakaifunga pipa mgongoni itembee kwa moto wa makala, makaa haya haya ya kupikia.

Léocadie aliichukia kamio ile kama mtu anavyomchukia shemeji mlafi. Serikali iliwashusha yeye na wenzake kutoka mlimani ikawapanga kando ya barabara, nyumba mstari mmoja kama meno. Waliambiwa barabara italeta mali. Ikaleta kazi: kulima pamba, kuziba mashimo, kuchoma makala ya kulisha kamio. Na makala ya nguvu yanatoka kwenye mti mgumu. Miti migumu ilibaki kule mlimani, na kule kapita Gaston, msimamizi wa pamba, alikataza mtu kurudi, asije akakimbia pamba. Huku chini palikuwa na vijiti vya mashamba ya zamani tu, vyepesi kama maboga makavu.

"Sasa tuchome nini, kapita? Miguu yetu?" Léocadie alimuuliza.

"Mujaze vitunga. Mengine haiko kazi yenu."

Basi akajaza kitunga, kikapu chake cha makala. Chini akaweka makala ya vijiti, juu akatandaza kidogo yale magumu aliyobakiza. Akafunika majani, akafunga kamba ya gome kwa fundo lake. Kila mwanamke wa pale alikuwa na fundo alilofundishwa na mama yake. Wenzake wakiliona wanajua kitunga ni cha nani, kama unavyoijua sauti ya jirani gizani. Gaston alikuwa mtu wa kuja. Yeye aliona kamba tu.

Kilichomnyima Léocadie usingizi ni mpunga. Binti yake Emilienne alikubaliwa shule ya masista Kasongo, lakini kila mtoto alitakiwa kufika na chakula chake. Magunia yalikuwa tayari, safari haikuwapo. Kila kamio ikipita, shofere Bulaimu alitoa kichwa dirishani: "Pole, mama Emilienne. Pamba imejaa. Safari ijayo." Safari ijayo ikazaa safari ijayo nyingine. Panya wakaanza kuonja mpunga. Shule ikakaribia kufunguliwa.

Asubuhi moja Bulaimu akamwonea huruma, au labda alichoshwa na mdomo wake.

"Pakia, mama! Na mutoto apande. Lakini usinisemeshe tena mpaka nizikwe."

"Hata kaburini nitakuja kukusalimia, baba!"

Emilienne akaketi juu ya magunia, kitambaa kipya kichwani, meno yote nje. Hapo ndipo Léocadie alipokiona kitunga chake kikipandishwa karibu na pipa. Aseme? Akisema, mpunga unashuka. Akachukua jembe lake.

Kamio ikaondoka. Wanawake wakaifuata na majembe yao, maana zamu yao ya mashimo ilikuwa kwenye mpando wa mbele, pale barabara inapopanda kilima. Hawajafika mbali wakaikuta imesimama katikati ya mpando, inakohoa. Bulaimu alichokonoa pipa, akaongeza makala, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Moto uliwaka kama nyasi, ukafa kama nyasi. Mbingu nayo ikanguruma.

"Punguza muzigo!" Gaston akafoka kutoka kiti cha mbele. "Pamba ibaki. Shusha mpunga!"

Gunia la kwanza likatua kwenye matope. La pili likapasuka. Emilienne akashuka bila neno, akavua kitambaa chake kipya, akaanza kuzolea mpunga. Ndicho kilichomkata mama yake maini.

Bulaimu akainua kitunga kilichobaki nusu. Kamba iliyokatwa ilining'inia, fundo halijafunguka.

"Nani amechoma makala haya?"

Wanawake walilitazama fundo, kisha wakatazama majembe yao.

"Bamama, nauliza. Niko na makala mazuri kidogo chini ya kiti, yatatufikisha juu. Nikifika penye tambarare, mizigo yote ya watu naipakia tena. Lakini ya huyu aliyenidanganya, hapana! Itaozea hapa."

Tone la kwanza la mvua likampiga Léocadie mkononi.

"Mimi namjua," akasema Gaston, akishuka na kiboko chake. "Ni Amisa. Daima iko na maneno. Amisa, kuja hapa!"

Amisa alikuwa jirani ya Léocadie. Mpunga ule waliupura pamoja. Alisogea mbele, akakaza kikwembe kiunoni. Hakusema si mimi. Hakugeuka kumtazama mwenzake. Afadhali angetazama! Afadhali angetukana!

Léocadie akamwona mtoto wake amepiga magoti, mpunga na matope vimechanganyika mikononi. Akaiona barabara, kila shimo aliloliziba. Hasira ikampanda, wala hakujua aanze na nani.

"Shofere!" akaita. "Fundo hilo ni langu. Makala nimechoma mimi, ya vijiti, kwa sababu miti migumu iko kule juu na huyu kapita wako ametufungia njia. Mwacheni Amisa."