Kijiko Kilichobaki Kikavu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Dada yangu analijua hilo, na binti yake, mpwa wangu, analijua zaidi. Asubuhi ile alipogeuza kikombe chake kifudifudi mezani mbele ya wafanyakazi wote, nusura nimrushie kijiko.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana, Mjomba. Jana nilibatizwa. Sinywi tena kahawa."

Ingekuwa nyumbani ningenyamaza. Lakini tulikuwa katika chumba cha kuonjea, ndani ya kiwanda cha kukaanga kahawa, ambako hata dari imegeuka rangi ya kahawia kwa moshi. Mimi ndiye muonjaji mkuu pale, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mtu kuacha kahawa mahali kama pale ni sawa na kinyozi kuapa kwamba hatagusa tena nywele.

Kazi yetu ni hii. Kila shehena inapoingia tunachukua buni kiganja kimoja, tunaikaanga, tunaisaga na kuitia vikombeni. Tunanusa unga ukiwa mkavu. Tunamimina maji ya moto, tunasubiri dakika nne, tunavunja utando wa juu kwa kijiko na kunusa tena. Mwisho tunavuta kijiko kimoja kwa kelele, kahawa inazunguka mdomoni, kisha tunatema koponi. Muonjaji akisharidhika anatia saini fomu iliyochapwa chini yake maneno mawili: Nimeonja mwenyewe. Bila saini hiyo hakuna gunia linalotoka mlangoni.

Huyu mpwa nilimleta mimi, miaka sita iliyopita, nikamweka kwenye meza ya kuchambua buni mbovu. Haukupita mwezi nikajua nimeokota lulu. Alikuwa na pua ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Aliweza kukwambia kwamba gunia fulani lililala karibu na kopo la rangi, ukienda kuuliza ghalani unakuta ndivyo. Nikamhamishia chumbani kwangu nimfundishe. Mpango wangu ulikuwa nistaafu mwisho wa mwaka na kiti changu akikalie yeye.

Na nilikuwa na haraka, kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Mwaka uliotangulia homa ilinilaza wiki mbili, na nilipoinuka pua yangu ilikuwa imekufa. Ulimi ulibaki. Niliujua uchungu, uchachu, chumvi, na ule ukakasi wa kahawa iliyochumwa mbichi unaokausha mashavu. Lakini harufu, ambayo ndiyo kahawa yenyewe, sikuisikia hata nikiinamisha uso juu ya mashine. Nikaendelea kutia saini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi nilidhani kata ni mimi peke yangu.

Wenzetu walimpokea kwa utani, kama walivyozoea. Mkaangaji alisikia kwamba sheria ya akina Mormoni, kanisa lililombatiza, inakataza vinywaji vya moto, basi akaweka kikombe cha kahawa dirishani saa nzima, kisha akamletea kwa mikono miwili.

"Kimepoa, mama. Sasa ni halali yako."

Mpwa wangu alicheka mpaka akafuta machozi. "Maneno yanasema vya moto, ndiyo, lakini tangu zamani viongozi wetu walieleza kwamba ni chai na kahawa. Hata ukitia barafu, kahawa ni kahawa tu." Halafu akajimiminia maji yaliyokuwa yakitoa mvuke.

"Na hayo je? Si ya moto?"

"Ya moto sana. Ila ni maji."

Kuanzia siku hiyo jina lake kiwandani likawa Maji Moto, naye akaliitikia bila kununa.

Mimi sikucheka. Nilimvuta pembeni, kati ya magunia.

"Kahawa imekulisha wewe na mama yako. Nani kakwambia ni sumu?"

"Hakuna aliyeniambia ni sumu, Mjomba. Inaitwa sheria ya afya, Neno la Hekima. Pombe, tumbaku, chai, kahawa. Tunaamini Mungu alimpa nabii wetu wa kwanza sheria hiyo, pamoja na ahadi ya nguvu za mwili na maarifa. Wenzangu wengine watakueleza habari za moyo na usingizi, na labda wako sahihi. Mimi sikuacha kwa kuogopa ugonjwa."

"Kwa nini basi?"

Alichezea uzi wa gunia. "Pombe niliiacha kabla sijaianza. Baba unamkumbuka alivyokuwa. Sigara zinanikohoza. Chai nilikunywa kwa adabu tu. Kitu pekee nilichokipenda katika orodha yote ni kahawa. Sasa kama ningempa Mungu vile nisivyovitaka na kubaki na hiki kimoja, ningekuwa nimempa nini?"

Mtu wa aina yangu akishindwa hoja anapandisha sauti. Nikamwambia sisi hatunywi, tunatema. Nikamwambia kutema si kunywa, hata mtoto anajua.

"Nilimuuliza askofu wetu. Akasema hilo niliamue mwenyewe na Mungu wangu."

"Basi amua kwa akili!"

"Nimeshaamua, Mjomba. Najijua. Mimi nikivuta kijiko kimoja, sitatema chote."

Nilikasirika wiki nzima. Lakini usiku nilijikuta nikilirudia jibu lile, na ukweli ni kwamba lilinipendeza. Watu wengi ninaowajua wanasema uongo kuhusu udhaifu wao. Mimi mmojawapo.

Habari zikamfikia Mama Mwenye Kiwanda, mama mkavu asiyepoteza maneno. Akaja chumbani kwetu Jumatatu.

"Mzee, muonjaji asiyeonja nimpeleke wapi? Nitampa mtihani Ijumaa, ule ule ulioufanya wewe. Vikombe kumi, vitatu vibovu. Akivipata vyote, kiti ni chake. Akishindwa nitaajiri mtu wa nje, na yeye atarudi kwenye meza ya kuchambua."

Mpwa wangu alikuwa pale. Alisema, "Sawa, Mama," lakini niliona alivyoushika ukingo wa meza. Miaka sita ya kujifunza, na kutoka meza ile ya kuchambua hapandi mtu mara mbili.

Desturi ya mtihani ni kwamba mtahiniwa anaachwa peke yake nusu saa, mlango umefungwa. Ijumaa niliandaa chumba mwenyewe. Niliteremsha pazia. Nikaweka kijiko kipya, kopo la kutemea lililooshwa, na glasi ya maji ya kusukutulia. Kabla sijatoka nilimnong'oneza: "Hakuna atakayekuona, mwanangu. Mara moja tu."

"Najua, Mjomba," akasema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na mtihani.

Nusu saa ilipokwisha tukaingia, Mama na mimi. Kwanza jicho langu lilikwenda kwenye kopo. Lilikuwa kavu. Alikuwa amevunja utando kwa mgongo wa kijiko kingine na kukiacha ndani ya glasi. Kile kipya nilichomwekea cha kuonjea kilikuwa pale pale nilipokilaza, kikavu, kinang'aa.

"Haya," akasema Mama.

"Cha pili kina ukungu. Cha saba kina moshi wa kuni, nadhani kilianikwa karibu na jiko."

Mama aliinua vile vikombe viwili akasoma alama alizoandika chini yake. Akaviweka kando. "Na kibovu cha tatu?"

"Sikijui, Mama."

"Vimebaki vinane. Jaribu kimoja."

"Nikibahatisha nikapata, utadhani najua. Vyote vinane kwa pua yangu ni safi. Kama kuna kibovu, basi ubovu wake hauna harufu. Labda ukakasi. Huo unataka ulimi, na ulimi wangu sikuutumia."

Nilitamani kupiga meza. Kwa bahati tu angeweza! Lakini alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu aliyekwisha kulia nyumbani.

"Mzee," Mama akaniambia, "onja."

Nikaonja. Nilipofika kikombe cha tisa mashavu yalikauka kama nimetafuna ganda la ndizi bichi. "Hiki. Ukakasi."

Mama akakiinua, akasoma chini yake, akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akanitabasamia. "Ndiyo maana nakuamini. Pua na ulimi pamoja." Kisha akamgeukia mpwa wangu. "Binti, nakuheshimu, lakini umejionea mwenyewe." Akawa anafunga daftari lake. "Mzee, na vile viwili vingine, bila shaka ulivisikia pia?"

Lilikuwa swali la adabu tu. Nilitakiwa kusema ndiyo, tukaenda zetu. Cha pili nilikuwa nimekivuta, kikapita mdomoni kama maji ya uchungu. Cha saba vile vile. Nikatazama kijiko kile kikavu. Mlango ulifungwa, pazia limeshuka, na mtoto huyu hakukigusa. Mimi nilitaka mfano gani tena?

"Sikuvisikia, Mama. Pua yangu ilikufa mwaka jana, baada ya homa."

Mama aliketi taratibu. "Mwaka mzima? Na saini zako zote?"

"Za uongo. Nusu yake, maana ulimi tu ndio ulioonja."

"Mbona hakuna mteja aliyerudisha gunia hata moja?"

Sikuwahi kujiuliza. Ndipo nikakumbuka. Kila shehena mpwa wangu alitangulia kuinusa, na kila yenye kasoro aliniuliza: Mjomba, hii haina ukungu kweli? Mjomba, huoni kama ina harufu ya gunia? Nami nilijikohoza na kusema, eeh, nilikuwa naelekea huko huko.

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Tangu siku uliyovuta kikombe chenye harufu ya mafuta ya taa ukasema ni kitamu."

Mama alifunika mdomo kwa daftari. Mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Mtoto huyu nilimfokea kati ya magunia, na yeye alikuwa amelibeba jina langu mwaka mzima bila kunidai hata shukrani.

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa yako kuisema, Mjomba. Mimi nilikuuliza tu."

Mama alituweka pale muda mrefu. Alinigombeza kama mtoto wa shule, na nilistahili. Mwisho akasema pua iliyolinda magunia yake mwaka mzima haiwezi kurudi kuchambua, na kwamba kuanzia Jumatatu mkuu wa chumba ni yeye Maji Moto, na mimi nitabaki chini yake kama ulimi, mpaka apate ulimi mwingine.

Jumatatu shehena ya kwanza iliingia saa mbili. Alinusa, nikaonja. Alipovuta fomu, alipiga mstari juu ya yale maneno mawili yaliyochapwa, akaandika pembeni kwa mwandiko wake mdogo: Nimenusa mwenyewe. Akatia saini. Kisha akaandika chini yake: Nimeonja mwenyewe, akanisogezea karatasi na kalamu.

"Ni kweli, Mjomba?"

"Ni kweli," nikasema, nikatia saini. Halafu nikainuka, mimi na umri wangu huu, nikaenda kumchemshia maji.