Refa Arudishwa Kwenye Mashine

Miaka miwili baada ya Refa kutolewa uvimbe kichwani na kutibiwa kwa mionzi, mkono wake wa kulia ulianza tena kulegea. Filimbi ikawa inamponyoka uwanjani. Picha ikaonyesha doa pale pale pa zamani, lakini haikuweza kusema kama uvimbe umerudi au ni kovu tu la mionzi.

Hospitali ilikuwa na mwanahisabati mmoja, mwanamke mwembamba asiyeishiwa maneno, wauguzi wakimwita Bi Mawimbi. Mashine ile ile ya sumaku iliyopiga picha inaweza pia kupima kemikali za ubongo na kuzichora kama vilima kwenye skrini. Kimoja hushuka seli za neva zinapokufa. Kingine, cha kolini, kemikali ya utando wa seli, hupanda seli zinapozaliana ovyo. Vilima hivyo hupandana na kujaa chenga, na Bi Mawimbi ndiye aliyeandika programu ya kuvitenganisha.

Refa akapimwa, na programu ikajibu: kovu.

Daktari wa upasuaji alishusha pumzi. Mke wa Refa, aliyekuwa akichungulia kupitia mlango wa kioo, aliona tabasamu la daktari akasimama.

"Bado, dada yangu," Bi Mawimbi alimwambia akitoka. "Namrudisha mumeo kwenye mashine."

"Kwani jibu ni baya?"

"Ni zuri, ila siliamini."

Akawaita daktari na mke wa Refa mbele ya skrini. Eneo lililopimwa lilikuwa pana, likagusa ukingo wa fuvu, na mafuta ya ngozi ya kichwa yakaingia kwenye kipimo. Kwa kompyuta, mafuta hayo yalifanana na ya tishu iliyokufa kwa mionzi, ndiyo maana ikasema kovu.

"Mimi nisingeliona hilo," daktari alisema.

"Hata mimi sikuliona mara ya kwanza."

Refa alinung'unika. "Mama, mbona unaniongezea dakika?"

"Lala, mzee. Na ukitikisika nakupa kadi."

Refa akacheka mpaka wakamngoja atulie.

Safari hii Bi Mawimbi aliligawa doa vipande vidogo, akalikwepa fuvu, kila kipande kikachambuliwa peke yake. Karibu vyote vilikuwa kovu. Nyuma kabisa, kwenye vipande viwili, kolini ilikuwa imesimama kama mnazi.

Mke wa Refa alilia. Bi Mawimbi hakumkimbia. Alivuta kiti akakaa naye, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu jinsi sehemu yenyewe ilivyokuwa ndogo, na jinsi ilivyoweza kukatwa bila kugusa njia ya neva za mkono.

Daktari alipasua hapo tu. Maabara ikathibitisha: uvimbe, umekamatwa mapema.

Mkono umerudi, ingawa si wote. Refa sasa anachezesha mechi za shule, na bado anagombana na makocha. Wiki iliyopita mkewe alimpelekea Bi Mawimbi kitenge. Alimkuta ameikodolea macho skrini, akibishana na kompyuta kuhusu kichwa cha mtu mwingine, akaketi kumtazama, hakutaka kumkatiza.