Ngazi Nyekundu ya Desanka

"Umeniulia ngazi, Vukosav. Mchana kweupe," alisema Desanka, mikono kiunoni, aproni imejaa magamba ya samaki.

"Sijaiua mimi. Nimepima tu."

"Kupima gani huko? Kama umechinjia nguruwe hapo."

Hakukosea. Ngazi ya chuma inayopanda ubavuni mwa nyumba hadi mlango wake ilikuwa nyeupe kama chokaa, na kila palipochomelewa palichuruzika wekundu. Hakuna njia nyingine ya kuingia kwake. Na kesho yake ilikuwa slava yao, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, Mtakatifu Nikola: padri aje kukata mkate, ukoo na mtaa wote wapande kula. Slava bila wageni ni aibu ambayo hata wajukuu wangeulizwa.

Mimi ni mkaguzi wa viungo vya vyuma vilivyochomelewa kwenye karakana ya meli hapa Smederevo. Asubuhi Desanka aliniomba nimwangalizie kutu tu. Mwenye akili angechukua sumaku: unasugua hadi chuma king'ae, unabana sumaku, unamwaga unga wa chuma, na penye ufa unga unajipanga kama sisimizi. Lakini sumaku haina maonyesho, na uani walikaa majirani wakiparua samaki. Mimi nikiona watu zaidi ya watatu, kichwa hunivimba. Nikachagua rangi. Unapulizia nyekundu, unafuta, unapulizia nyeupe, na palipo na ufa wekundu unarudi juu. Kwenye chuma safi inapendeza. Kwenye chuma kilicholiwa na kutu, kila kishimo kinakunywa rangi na kuitema. Hilo nalijua, nawafundisha wenzangu. Lakini majirani walipoguna, nikavaa uso wa daktari nikasema, "Hii basi. Asipande mtu." Kisha nikaenda mkahawani kunywa kahawa, nikaisimulia meza hadi meza.

"Tumia ile mashine ya mionzi, bosi," alisema Miodrag, mkwe wa Desanka. Ngazi aliichomelea yeye, na sasa jina lake lilikuwa midomoni mwa watu.

"Mionzi inadhuru watu. Nihamishe mtaa mzima, na padri wenu juu."

"Na ile ya sauti?"

"Itaniambia unene wa chuma kilichobaki. Ufa kwenye vikona vyembamba hivi, itanidanganya."

"Kwa hiyo ukachagua inayodanganya kuliko zote," alisema Desanka. Akaketi juu ya ndoo, akajifuta macho kwa kiwiko. "Nimeshaazima viti, jirani."

Ningeweza kushikilia hukumu yangu na kubaki bingwa. Nilifikiria, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Mwishowe nikamgeukia Miodrag.

"Nilichagua vibaya. Lete brashi ya waya."

Tulisugua hadi mikono ikafa ganzi. Sumaku ikaonyesha ufa mmoja tu, chini ya kibaraza cha juu. Kipimo cha sauti kikasema chuma kilichobaki kinatosha. Miodrag akauchimba ule ufa, akachomelea upya, akaongeza mhimili. Kesho yake asubuhi nikapitisha sumaku tena: safi.

Tatizo likawa watu. Habari ya kwanza niliisambaza mwenyewe. Ya pili sikupata nafasi. Wageni wakajaa uani, mvinyo na maua mikononi, wakiitazama ngazi. Padri alikuwa akisifia hali ya hewa, na theluji inamwangukia kofiani.

"Imetengenezwa," niliwaambia. "Nimeipima upya."

"Na jana si uliipima?" mtu akauliza. Mwingine akadakia, "Mkaguzi atangulie. Kitambi kile kikipita, sote tumepita."

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Juu, pazia la Desanka lilitikisika. Basi nikapanda, nikikanyaga kwa kishindo. Kibarazani nikaruka, kisha nikaruka tena, suti yangu ya harusi ikilia kwenye mishono. Ngazi haikulia. Nyuma yangu nikasikia kiatu cha padri kwenye kidato cha kwanza, kisha viatu vingi.

Desanka akafungua mlango. Alinikagua kuanzia tumboni hadi usoni.

"Umemaliza kuruka?"

"Nimemaliza, dada."

"Basi ingia ule, jirani. Samaki wanapoa, na umewazibia wenzako njia."