Taa Zisizo na Joto

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Swichi alijikwaa ulimi mbele ya kipaza sauti. Alikuwa kwenye chumba cha mitambo nyuma ya ukumbi, amechoka kurudia onyesho lilelile, na dada yake alikuwa amesimama tena gizani, hatua moja nje ya duara la mwanga. Ndipo sauti yake ikatoka kwenye spika zote: "Dada, taa hiyo hapo! Mtu mzima, mwanga wote huo huuoni?"

Waigizaji wakaangua kicheko. Hata mshona mavazi, ambaye kwa kawaida meno yake huonekana siku ya mshahara tu, alicheka. Dada akasogea, akauingia mwanga kwa kubahatisha, akasema maneno yake yote bila kuruka hata moja.

Huyo dada ndiye aliyemlea Swichi tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemwingiza kwenye kikundi cha maigizo na kumwombea kazi ya kushika ngazi, mpaka sasa Swichi ndiye mbunifu wa taa, mtu wa kuulizwa kabla pazia halijafunguliwa. Hivi karibuni alikuwa ameshusha taa za zamani, zile zilizounguza kama jiko, akapachika mpya zisizo na joto. Alizisifia mpaka watu wakaanza kumkwepa. Na tangu hapo dada yake, ambaye hakuwahi kukosea hatua jukwaani, akawa anakosea kila siku.

Mwongozaji wa mchezo alikuwa ameshatoa kauli: dada akikosea tena kesho, nafasi yake ya mjane atapewa mwingine. Swichi alikuwepo, akafyata mkia. Angeweza kusema jamani, labda ni taa. Lakini kuliko kuzitilia shaka taa zake, aliona afadhali amtilie shaka dada yake.

Mazoezi yalipokwisha alimfuata chumba cha kuvalia akiwa na utani mdomoni, maana waoga huomba radhi hivyo. Alimkuta anafunga vifungo vya gauni la mjane kabla ya kulitundika, akivitafuta kimoja kimoja kwa vidole.

"Dada, umenuna? Nilikuwa natania tu."

"Funga mlango," dada akasema. "Umefunga? Haya, kaa." Akaliweka gauni mapajani. "Zile taa za zamani nilikuwa nazisikia usoni. Natoka mlangoni, natembea, joto likinipiga hapa shavuni najua nimefika. Hizi zako hazina kitu. Mbele yangu kote ni ukungu mmoja."

Swichi akasogeza kiti karibu. "Macho, dada?"

"Macho. Daktari kasema hayatarudi. Pembeni naona kidogo, katikati hakuna kitu."

"Sasa mbona hukuniambia mimi?"

"Nikuambie wewe, halafu? Ungeanza kunishika mkono mbele za watu. Wakishajua hawa, nani atanipa nafasi tena? Mimi jukwaa ndilo nililobaki nalo, mdogo wangu. Leo umewatangazia wote. Bahati yangu wamedhani ni mzaha."

Swichi akatamani ardhi ipasuke aingie. Alikumbuka juzi alivyompungia dada mkono barabarani, dada akapita kimya, naye akarudi kwa mkewe kulalamika kwamba siku hizi dada ana maringo. Mke akakubali, wakamsengenya mpaka chai ikapoa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Laiti dada angemzaba kofi kama zamani, lakini alikuwa akimalizia vifungo vyake tu.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ila niapie hutamwambia mtu."

Akaapa.

Kesho yake aliwahi ghalani, akafukua taa moja ya zamani chini ya magunia, akaifuta vumbi na kuitundika juu ya mahali pa mjane. Mwongozaji alipouliza, Swichi akasema rangi ya taa ile inaufaa uso wa mjane. Ulikuwa uongo wenye adabu, na mwongozaji, ambaye hakujali taa itoke wapi ilimradi iwake, akaumeza.

Mazoezi yakaanza. Swichi alimwachia msaidizi mitambo, akashuka kusimama kando ya jukwaa, upande wa kushoto. Dada akatoka mlangoni, akatembea taratibu bila kupapasa, na alipofika chini ya taa ile akasimama katikati kabisa ya mwanga. Akainua uso, akasema maneno ya mjane, na ukumbi mzima ukatulia. Hakuna aliyekohoa.

Alipomaliza, mwongozaji alisimama akipiga makofi. "Nafasi ni yako, mama, hakuna mjadala!" Kisha akamgeukia Swichi. "Na wewe, kumbe dawa ni kukaripia! Jana umempasha, leo kaiona taa mwenyewe. Mpigieni makofi na huyu!"

Wakampigia. Mmoja alimgonga mgongoni na kumwambia amkaripie na mwongozaji, huenda posho zikaongezeka.

"Hapana, sikilizeni," Swichi akaanza, sauti yake ikichanganyika na makofi na vicheko. "Kosa lilikuwa la..."

"Mwacheni jamani, anaona haya!" dada akamkatiza haraka kutoka jukwaani. "Kweli alinikaripia, na nimesikia." Akacheka kuwazidi wote, akanyoosha mikono miwili kwa furaha kuelekea upande wa kulia wa jukwaa, ambako hapakuwa na mtu. "Asante, mdogo wangu."